Kioo Kilichozama Kwenye Maziwa

Jumatatu, 3 Juni 1991

Kama si mimi, mji mzima wa Same ungekunywa chai ya rangi. Sitii chumvi. Hoteli ya Bwana Sefu pale stendi inawanywesha chai abiria wa mabasi ya Dar, ya Tanga na ya Arusha, na maziwa yake yote yanapita kwenye mkono huu. Hakuna tone linaloshuka kutoka huku Mbaga bila mimi kulikubali.

Leo kama kawaida. Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Wanawake wa kikundi wamekuja na vidumu vyao. Mwanaume pale ni mimi peke yangu, ndiye mpimaji, wote wananiita Mjomba, hata walionizidi umri. Namimina maziwa kidogo kwenye kopo refu, natumbukiza laktomita. Kioo chembamba chenye risasi chini, kinaelea. Maziwa safi yanakibeba. Yakitiwa maji kinashuka. Yaliyopita nayaingiza kwenye keni kubwa ya kikundi, pikapu ya Bwana Sefu inachukua.

Leo kimepasuka. Nilikuwa nawaeleza wageni wa kanisani nilivyomponya ng'ombe wa meneja wa mkonge, Mzungu yule akalia machozi, akataka kunipa nusu ya shamba nikakataa. Kioo nilikuwa nimekishika. Kikagusa ukingo wa keni. Si mimi. Ni baridi. Kwa baridi hii hata chuma kinapasuka.

Mwenyekiti wetu, Mama Naetwe, ameokota vipande, akavihesabu kimoja kimoja. Simpendi anapohesabu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima kwa macho na ulimi. Nimewaambia nilipima hivi miaka na miaka, kabla vioo havijaletwa nchini. Wamekubali. Hawana la kufanya.

Dereva wa pikapu ameleta maneno ya Bwana Sefu. Maziwa yetu mepesi. Si ya leo tu, wiki kadhaa sasa. Chai haishiki rangi, inabaki kama maji ya kuoshea vyombo. Amesema mwambieni Mjomba siku hizi ni ruksa, maziwa yapo Kileo, yapo Maore, yapo hata ya unga kwenye makopo, yeye hamlazimishi mtu kumuuzia maji.

Nimemjibu dereva kwamba maneno hayo hayanihusu. Yananihusu.

Mchana wameanza kumtaja Nakijwa. Dada yangu, wa mwisho kwa mama. Mjane. Ng'ombe wake ni wa mkopo wa kikundi kama wa wenzake, alimwita Ruksa kwa sababu alikuja mwaka ambao sukari ilirudi madukani. Tangu mwezi jana kidumu chake kimejaa karibu mara mbili ya zamani. Wanasema ni maji. Mimi najua ni majani ya masika na mikono yake. Anamlisha yule ng'ombe kama mtoto mchanga. Lakini wanasema na jingine: mpimaji ni kaka yake, alikuwa anampitisha.

Hilo limeniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao. Kanuni ya kikundi kila mtu anaijua kichwani: anayetia maji ananyang'anywa ng'ombe, anapewa anayefuata kwenye zamu. Anayefuata ni Mama Juliana. Alikaa mbele kabisa, kitenge kipya.

Nakijwa hakulia. Alisema, "Nipimeni."

Mama Naetwe akamjibu, "Tukupime na nini, mdogo wangu? Kioo kimeliwa na baridi."

Wakacheka, wananiangalia. Nikasimama. Nikasema Jumatatu nitaleta laktomita mpya, bora kuliko ile, hata kama itabidi niifuate Ulaya. Nikasema nina watu. Wamenipa hadi Jumatatu.

Nakijwa alinitazama. Aliniamini. Hilo ndilo linanisumbua kuliko yote. Bila Ruksa hana kitu. Ada za watoto, chumvi, mafuta ya taa, vyote vinatoka kwenye kiwele kile.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshuka Same na pikapu ya maziwa.

Mji umebadilika. Miaka ile ya foleni mtu akipata kipande cha sabuni ya mche alikifunga kwenye kitambaa akakificha. Leo rafu zimejaa. Redio za kaseti. Viatu vya plastiki. Mafuta ya nywele ya kila rangi. Mitumba imemwagwa chini hadi barabarani, makoti ya watu wa theluji. Kila kitu kipo. Laktomita haipo.

Ofisi ya mifugo. Nilijitambulisha kuwa mimi ndiye Mjomba wa Mbaga. Bwana mifugo hakuwahi kunisikia. Mgeni huyo, ana miaka minne tu hapa. Akafungua kabati. Chupa tupu za dawa, bomba moja la sindano, kalenda ya zamani. Yao ilivunjika kabla yeye hajaja. Akasema niandike barua, itaagizwa Dar. Nikauliza itafika lini. Akaangalia dirishani.

Duka la dawa. Binti amenitolea kipimajoto. Nikamwambia, mwanangu, ng'ombe haumwi. Akasema, "Basi jaribu Hedaru, baba. Kule hata kisichokuwepo kipo."

Nalala kwa binamu yangu. Nimemwambia nimekuja kwa mwaliko wa serikali.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata. Mimi nikisema nitapata, napata.

Hedaru malori yamejipanga pande zote za barabara, wauza vitunguu wanapita katikati. Nimeuliza maduka yote. Mwishowe nikaelekezwa kwa fundi wa betri, Hamisi, anakaa chini ya turubai, betri za malori zimemzunguka. Nikamweleza: kioo cha kuelea, kina risasi chini.

Akauliza, "Cha kupimia nini, mzee?"

Madereva wapo pale, wanaume watupu, wanasikiliza. Nianze kusema maziwa, kama mama wa nyumbani? Nikasema, "Cha kupimia. Wewe kilete, mengine niachie."

Akakitoa. Kilikuwa ndani ya kioo kingine chenye mpira, cha nje kilishavunjika, kimebaki cha ndani. Ni kifupi kuliko kile chetu. Lakini kina rangi: kijani, nyeupe, nyekundu. Kile cha zamani kilikuwa na vimistari tu. Hiki ni cha kisasa. Tumebadilishana na koti langu la mvua.

Nimepanda mlima nimelowa hadi mifupa. Nina furaha sana.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Walikuja wote. Nikatoa hotuba. Nikasema kioo hiki wanakitumia kwenye ndege. Nikasema naanza na dada yangu wa tumbo moja, mtu asije akasema maneno. Nikamimina maziwa yake kwenye kopo. Nikakitumbukiza.

Kimezama. Hakikuyumba. Hakikusimama kwenye kijani wala nyekundu wala popote. Kimekwenda chini moja kwa moja kikagonga kitako cha kopo. Kila mtu amekisikia.

Mama Naetwe akasema, "Imetosha. Hata kaka yake ameona."

Nikasema tupime na wengine. Wakasema hakuna haja, tumekuja kwa huyu.

Nakijwa hakuangalia kopo. Aliniangalia mimi. "Kaka, sijatia maji."

Nikamwambia, "Kioo hakina dada."

Nilitaka waone sina upendeleo. Lilitoka likiwa limepangika vizuri, kama maneno yangu yote. Natamani ningekuwa bubu.

Mchana Mama Juliana amempitisha Ruksa mbele ya nyumba yangu, anamvuta kwa kamba. Ng'ombe alikuwa anageuza shingo kila hatua anaangalia alikotoka.

Jumanne, 11 Juni

Chai imenishinda. Mama watoto kauliza naumwa nini.

Asubuhi nilisimama nje ya banda letu, yeye akikamua. Nikaomba kikombe. Maziwa ya moto, povu juu, yametoka kiweleni nikiyaona. Maji yataingilia wapi? Nikakitumbukiza kioo.

Kimezama.

Nikamtazama mke wangu. Akasema, "Baba Elinami, ukinitazama hivyo mara ya pili nakumwagia."

Nikachota maji matupu ya mferejini. Kimezama vilevile. Kwa kioo hiki hata mvua ingeonekana imetiwa maji.

Nikakaa kwenye jiwe. Hapo ndipo nikaziona tena zile betri, zimemzunguka fundi chini ya turubai. Asidi. Ni kioo cha kupimia asidi. Asidi nzito ndiyo inayokibeba.

Nimemnyang'anya dada yangu ng'ombe kwa kifaa cha lori.

Jumatano, 12 Juni

Sikwenda kupima. Nimesema mgongo.

Watoto wa Nakijwa wamepita wakaniamkia kama siku zote. Shikamoo mjomba. Nimeitika marahaba nikaingia ndani haraka.

Nikisema ukweli nitachekwa kutoka hapa mpaka Gonja, na kazi watanipokonya. Nisiposema, Ruksa amekwenda. Bado sijaamua. Aibu kuandika hivyo, lakini bado.

Mama watoto amesikia huko kisimani kwamba Ruksa hakamuliki. Mama Juliana anakaa chini, ng'ombe anafunga maziwa, anapiga teke ndoo. Ng'ombe analia siku nzima.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema.

Nilikwenda na ndoo ya maji safi na kioo kile. Nikaomba kila mama anipe maziwa kidogo kwenye kopo, mmoja mmoja. Ya Mama Juliana, kutoka ng'ombe wa jirani yake. Kikazama. Ya mama mchungaji. Kikazama. Ya Mama Naetwe mwenyewe. Kikagonga chini, tii.

Mama Naetwe akaanza kukunja mikono ya sweta. "Mjomba, unataka kusema nini kuhusu mimi?"

Nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikazama.

Mama Naetwe akainama akaangalia ndani ya ndoo muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo, Mjomba, haya maji nayo yametiwa maji?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mama mchungaji alikaa chini kwenye nyasi. Mmoja akasema nimeleta kioo cha ndege kweli, kinatua tu. Nikasubiri waishe. Nikasema ni cha betri. Nikasema niliona haya kuuliza. Nikasema Nakijwa hakupimwa, nilimwonea, arudishiwe ng'ombe wake.

Walipokwisha kucheka wakabishana. Mama Juliana hakubisha. Alisema yeye hakuomba ng'ombe wa kesi, na mguu wake umevimba kwa mateke. Lakini Mama Naetwe akauliza: kama si Nakijwa, maziwa mepesi ni ya nani? Bwana Sefu ameshasema Jumatatu ndiyo mwisho. Wameamua: Ruksa akae pale alipo, ila Nakijwa aende kumkamua asubuhi na jioni, mpaka kioo cha kweli kipatikane. Kisipopatikana kufikia Jumatatu, kanuni ni kanuni.

Nakijwa alikuwepo muda wote. Hakucheka. Aliondoka na ndoo yake kwenda kwa Mama Juliana.

Jumamosi, 15 Juni

Hedaru tena. Bila koti.

Hamisi alikuwa amelivaa. Nilikusudia kugombana naye. Nilipomweleza alicheka hadi akashika betri asianguke. Akasema, "Mzee, si nilikuuliza?" Kweli aliniuliza. Kisha akaniuliza tena, safari hii nikajibu, maziwa. Mbele ya madereva. Hakuna aliyeanguka kwa mshangao. Mmoja akasema kwao Singida wanapima kwa njiti ya kiberiti, mwingine akasema muongo huyu. Kisha dereva wa lori la chokaa akaniambia jaribu shule ile ya kilimo njia ya kurudi Same, alisoma pale, walikuwa nazo.

Nimefika jua limeanza kushuka. Mwalimu wa zamu ni mwanamama, mfupi, ana funguo nyingi kiunoni. Nilianza na habari ya meneja wa mkonge. Nikaiacha katikati. Nikamwambia yaliyotokea, hata lile neno nililomwambia dada yangu. Ilikuwa fupi kuliko hadithi zangu zote na ndiyo aliyoisikiliza hadi mwisho.

Akafungua stoo. Laktomita tatu, kwenye maboksi yake, zimefungwa pamba. Shule haina ng'ombe hata mmoja. Waliuzwa miaka ile ya njaa ya pumba, banda sasa wanaweka kuni. Amenipa moja. Akasema, "Baba, hii uishike kama yai. Na usiipungie watu mkono."

Sijui alijuaje.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwachia Mama Naetwe apime. Sikugusa.

Kabla ya yote akaitia kwenye maji, sasa wamejifunza. Ikashuka hadi shingoni, haikuzama. Kisha ya Nakijwa. Amekwenda mwenyewe kumkamua Ruksa mbele ya mashahidi wawili. Kioo kikapanda. Kikasimama juu ya mstari, kinatikisika kidogo, kikatulia.

Mama Juliana ndiye wa kwanza kupiga vigelegele. Wakapima wote. Wote safi, mmoja mmoja.

Ningeondoka hapo. Lakini dereva wa pikapu akasema, "Jamani, mbona mnapima vidumu? Bosi hanywi vidumu. Pimeni keni."

Wakapima keni, baada ya kuijaza. Kioo kikashuka chini ya mstari.

Safi yameingia, mepesi yametoka. Katikati hapo hakuna mtu ila mimi. Wote wakageuka.

Nikafungua mdomo. Hadithi haikuja.

Ni sabuni. Zamani keni nilikuwa naisugua kwa majivu, naipindua juani. Tangu wafungue duka jipya hapa kijijini nimekuwa nikinunua sabuni ya kunukia, keni ya Mjomba inuke vizuri. Sasa harufu haitoki. Nasuuza, nasuuza, mwishowe naijaza maji ilale nayo. Asubuhi keni nzito, maji yanauma vidole, siipindui. Naiinamisha tu, naona yametoka. Kumbe chini yanabaki ya kutosha kuharibu chai ya stendi nzima.

Niliwaambia hivyo hivyo.

Mama Naetwe akasema, "Wiki hizi zote tunamtafuta mwizi, kumbe ni usafi." Halafu akamtazama Nakijwa, na wote wakamtazama, kwa sababu yeye ndiye mwenye haki ya kusema nifanywe nini.

Nakijwa akasema kupima nisipime tena. Keni niendelee nayo, lakini kwa majivu.

Ni haki. Dereva amekwenda kumweleza Bwana Sefu. Kesho atapata maziwa ya kweli, tutaona atasemaje. Kioo atakishika Nakijwa.

Jumanne, 18 Juni

Keni nimeisugua kwa majivu. Ukungu umewahi kuondoka leo, ikakauka.

Bwana Sefu ametuma salamu. Anachukua kama zamani. Amesema chai imerudi.

Jioni nilikwenda kwa Nakijwa. Ruksa yuko bandani kwake, amekula, ametulia. Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha njiani. Nikasema, "Nakijwa, lile neno la kioo." Akasema, "Kaka, nishikie ng'ombe, bado ana wasiwasi, nimalize kukamua."

Akanipa kamba.

Nimeishika. Nimesimama pale hadi ndoo ikajaa, jasho linanitoka na baridi hii. Ng'ombe akipumua mimi naacha kupumua. Hakuna meneja wala Mzungu. Sijawahi kuponya ng'ombe wa mtu yeyote. Nawaogopa ng'ombe tangu utoto, wote, hata ndama.

Sijawahi kumwambia mtu. Dada yangu nadhani anajua. Kamba aliyonipa ilikuwa ndefu sana.